Sindano Isiyoyumba

Kianda, Kibera
9 Machi 2025

Shemeji Mutie,

Salamu nyingi kutoka Kianda. Sisi huku tu wazima. Mwanangu Syombua anakohoa kidogo kwa sababu ya hii mvua, lakini shuleni anaenda. Natumaini wewe, Mwongeli na watoto mko salama huko Kawangware, na mgongo wako umekubali kunyooka.

Najua unashangaa kuletewa barua na Phanuel wa bodaboda kana kwamba tumerudi enzi za posta. Shemeji, simu yetu ya mwisho tuliimaliza kwa kupigiana kelele mpaka jirani yangu Mercyline akagonga ukuta, akidhani nimeingiliwa na wezi. Na hiki ninachotaka kukuuliza hakiulizwi kwa simu, kina michoro. Phanuel hupita hapo kwenu kila siku. Mpe jibu.

Unajua kwamba tangu mtandao wa simu uzimike kule Sudan Kusini sijasikia sauti ya ndugu yako. Ofisi ya yule mkandarasi wao wa barabara hapa mjini imefungwa, na bawabu anasema hata yeye anawatafuta. Lakini kabla ya kuondoka Musau aliniambia, "Simu ikikataa, washa redio. Saa kumi na mbili jioni, masafa ya saba nukta moja, nitakuwa hapo nasikiliza." Redio ninayo, ile ya wati ishirini aliyoniachia, pacha wa hiyo yako. Ruhusa ya kurusha ninayo pia. Nilifanya mtihani nikapita, na wewe ndiye uliyenicheka eti fundi wa cherehani anataka kuongea na dunia. Nisichokuwa nacho ni antena inayopatana na redio.

Hali ni hii. Huku nafasi hakuna, kwa hivyo waya unapanda mti wa mita nne juu ya paa, kisha unalala kuelekea kwa jirani, jumla kama mita kumi. Upande wa ardhi nimetumia mabati. Yetu, ya Mercyline na ya nyumba mbili zinazofuata, yote nimeyaunganisha kwa waya. Mama wa nyumba ya mwisho alikataa, akisema nitamvutia radi, mpaka nikamshonea pazia. Niliazima kipimo kwa mwalimu mmoja wa chuo, kikaniambia antena ina ohm kumi, na juu ya hizo ina thelathini za tabia ya kapasita. Redio inataka kuona ohm hamsini. Najua katikati panahitajika kisanduku chenye koili moja na kapasita moja. Hesabu yake niliikariri kwa ajili ya mtihani, nikaisahau siku iliyofuata. Wewe unaifanya ukipiga mswaki. Nifanyie, unichoree, uniambie nini kikae wapi.

Mercyline huja kila jioni kuketi karibu na redio. Unakumbuka mume wake, Shivachi, ndiye aliyeondoka na Musau, kazi moja, lori moja. Mercyline anatazama tu mikono yangu. Nami siwezi kutulia. Jana nilishona sketi ya shule bila zipu, nikaipiga pasi kabisa na kuikunja.

Nisaidie haraka.

Shemeji yako,
Kageha


Kawangware
16 Machi 2025

Shemeji Kageha,

Asante kwa salamu. Sisi hatujambo. Mgongo haujanyooka, ila umezoea. Mpe pole Syombua, mwambie anywe maji moto yenye tangawizi na asikubali ile dawa yako ya vitunguu.

Samahani kwa kukawia. Kazi ni nyingi, kila mtu kaletwa na mvua, televisheni zote za Kawangware zimelowa.

Umefanya vizuri kuandika. Barua haina mtu wa kukatiza mwenzake. Tuendelee hivihivi.

Nimekuchorea nyuma ya karatasi. Kwa koili, chukua ile reel ya uzi wako iliyoisha, uizungushie waya wa shaba mizunguko minane, uiache ipumue kidogo kati ya mzunguko na mzunguko. Hiyo itakupa ohm hamsini kwenye masafa yako. Kwa kapasita unahitaji kama pikofaradi mia tisa. Kwenye maduka ya vifaa vya redio ya Barabara ya Luthuli utapata ya 820 na ya 82, uziweke sambamba. Waya utoke kwenye redio, upite kwenye koili, ufike kwenye antena. Kapasita ishuke kutoka mguu wa antena hadi kwenye mabati. Usiniulize kwa nini, kwa sababu nikianza kueleza hutashona tena mwaka huu.

Usijisumbue kuja huku. Barabara imechimbwa na nyumba imejaa. Na usiweke moyo wako wote kwenye hii redio. Saa nyingine mtu hayuko hewani kwa sababu zake tu.

Mercyline anaendeleaje? Anakula? Analala?

Shemeji yako,
Mutie


Kianda
26 Machi 2025

Shemeji Mutie,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi nina kidole kilichoungua, na nitakueleza.

Nilifanya kila kitu ulivyosema. Mizunguko minane, nimeihesabu na Syombua kwa sauti. Kapasita nilinunua mwenyewe Luthuli, yule muuzaji akataka kunipa za televisheni, nikamwambia mimi si mgeni hapa. Nikachoma kwa solda, nikafunga kila kitu ndani ya kopo la plastiki la siagi. Saa kumi na mbili nikawasha, nikabonyeza kitufe, nikatazama mita.

Shemeji, karibu nguvu yote inarudi. Inatoka kwenye redio, inagonga antena, inarudi nyumbani kama mtoto aliyefukuzwa karo. Nilibonyeza mara ya pili, kidogo tu, redio ikaanza kupata joto na harufu. Nikagusa bamba la nyuma ili kuhakikisha, ndipo kidole kikaenda.

Mercyline akauliza, "Si umesema leo ni leo?"

Nikamwambia, "Bado kidogo."

"Hiyo kitu haishiki ama?"

"Itashika, Mercy. Kuna kitu mahali."

Akatikisa kichwa, akaketi tena. Ningetaka anigombeze. Anapoketi hivyo natamani nipande juu ya bati nipige kelele mpaka kwa rais.

Nimefikiria labda ni mabati. Yamelowa, na baadhi yana kutu pale nilipofunga waya. Au pengine nimekosea kupima. Usiku nalala nikizungusha koili kichwani, naamka vidole vimekunjamana. Jumamosi nitafunga mapema, nipande juu huko kwenu na hilo kopo unitazamie kwa macho. Nitaleta samosa. Mwambie Mwongeli asipike.

Ulivyoniuliza, Mercyline hali vizuri. Halali pia. Kwa nini umeniuliza?

Shemeji yako,
Kageha


Kawangware
28 Machi 2025

Shemeji Kageha,

Pole kwa kidole. Kipake asali.

Tafadhali usije Jumamosi. Tuna mgeni mgonjwa, ndugu wa upande wa Kitui, amelala kwenye chumba cha mbele, na daktari anataka apumzike bila watu. Samosa zako tutazila siku nyingine, na usidhani nimezisahau.

Kuhusu redio, umesema vizuri mwenyewe, ni mabati. Kutu haipitishi chochote. Panda ukwangue kila kiungo kwa msasa, ufunge upya, usubiri siku tatu za jua. Halafu jaribu kuongeza kapasita kidogo, ifike elfu moja. Mahali pabaki palepale, mguu wa antena.

Na shemeji, sikiliza. Hata ukipata, je, kama hakuna mtu upande ule? Je, kama mtu anahitaji muda? Nakwambia hivi kwa sababu nakuona kwenye maandishi yako, mkono wako unakimbia, maneno mengine hata hukuyamalizia. Shona. Lala. Ndugu yangu ni mtu mzima.

Mwambie Mercyline namsalimia. Au usimwambie. Fanya unavyoona.

Shemeji yako,
Mutie


Kianda
27 Aprili 2025

Mutie,

Natumaini mko wazima, na mgeni wenu anapata nafuu. Sisi tuko. Sina salamu nyingine leo.

Nimekaa karibu mwezi bila kukuandikia. Nilikwangua mabati ya nyumba zote nne kwa msasa mpaka mama wa nyumba ya mwisho akauliza kama nataka kuyauza. Nikangoja jua. Nikaongeza kapasita. Nguvu ikarudi yote. Nikatoa kapasita, nikarudisha, nikageuza reel, nikabadilisha waya. Nikakupigia simu mara tatu, hukushika. Ningekuja huko kwa miguu, lakini shule zinafunguliwa kesho na nina uniform za watu mpaka kitandani, na saa kumi na mbili siwezi kuwa mbali na redio. Nikiwa mbali naona kama ndiyo siku ataita.

Juzi nikachoka kuogopa hesabu. Nikatoa kile kitabu cha mtihani, nikaketi kwenye meza ya kukatia nguo na chaki ya fundi, nikaandika juu ya meza yenyewe. Hamsini ya redio gawa kwa kumi ya antena, tano. Toa moja, nne. Kipeuo chake cha pili, mbili. Mbili mara kumi ni ishirini. Ongeza thelathini za kufuta zile za antena, unapata hamsini, hiyo ndiyo koili. Halafu hamsini ya redio gawa kwa mbili, ishirini na tano, na kwenye masafa yetu hiyo ndiyo kapasita yako ya mia tisa. Nikacheka peke yangu. Nambari zako zote ni sawa, Mutie. Zote.

Nikageuza ukurasa. Kitabu kinasema kapasita inakaa upande wenye ohm nyingi. Hakuna kona ya kujificha hapo, mwandishi ameipigia mstari. Ohm nyingi ziko kwa redio. Antena ina kumi tu. Wewe umeniambia mguu wa antena, ukanichorea mguu wa antena, nilipolalamika ukarudia mguu wa antena.

Mimi nakujua. Wewe huwezi kukosea hapo hata ukiwa na malaria. Ungekosea nambari ningesema ni haraka, ni uchovu, ni watoto wanapiga kelele. Lakini mtu anayepata nambari zote halafu anaziweka mahali pasipofaa, mara mbili, amekaa chini akapanga.

Nikatoa kapasita, nikaihamishia upande wa redio. Imenichukua muda mfupi kuliko kutia kifungo kwenye shati. Nikabonyeza. Mita ya kurudi ikashuka, ikalala chini karibu na sufuri. Redio baridi. Nguvu yote ikaenda. Nililia, Mutie, nililia vibaya, na Syombua akaja akauliza nimeungua wapi.

Kwa nini ulitaka nisimfikie ndugu yako? Kama ana mwanamke kule niambie, mimi si mayai. Kama amekufa niambie. Nimekuwa nikimtetea kwa majirani na kwa mama yangu, na kumbe wewe shemeji yangu unanikata kamba huku unaniuliza kama jirani analala.

Nitaita kila jioni kuanzia leo. Sasa sikuhitaji.

Kageha


Kianda
30 Aprili 2025

Mutie,

Salamu zako utazipata mwisho, kama zitabaki.

Musau amejibu.

Ilikuwa jana. Mercyline alikuwa amekuja mapema, amevaa kitenge cha kanisa, sijui nani alimwambia kwamba redio imeshika. Nikaita, "Musau, Musau, Kianda inaita." Nikangoja. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu. Kisha kwenye spika nikasikia, "Kageha."

Jina tu. Kisha, "Kageha, nakusikia. Nakusikia vizuri sana."

Mercyline akapiga yowe, nyumba nzima ikaruka. Watu wakajaa mlangoni. Mimi pia nilikuwa napiga kelele, nadhani. Nikatazama redio kama mtu anavyomtazama anayeongea naye, na hapo nikaiona ile sindano ya kuonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia. Ilikuwa imegonga mwisho. Imegonga, na imesimama.

Kwa muda huu wote nimekuwa nikisikiliza, hata nilipokuwa siwezi kurusha. Nimewasikia watu wa Uganda, nimewasikia wale wa kule kule mpakani mwa Sudan Kusini wakiitana kwa Kiarabu. Wanaotoka mbali huja na kuondoka. Sindano inapanda, inashuka, sauti inazama katikati ya neno na kuibuka kwenye neno lingine. Hakuna anayetoka huko sindano ikasimama. Kile kitabu cha mtihani kinaeleza sababu, na masikio yangu hayahitaji kitabu. Musau hakuyumba hata kidogo. Aliingia kama mtu aliye nyuma ya ukuta.

Musau mwenyewe, mwenye hizi redio, akasahau kupunguza nguvu ili aonekane yuko mbali. Sijui nicheke au nifanye nini.

Nilikuwa bado natazama sindano Mercyline akanishika mkono kwa kucha. "Muulize Shivachi! Muulize bwanangu ako aje! Anakula?"

Nikauliza. Nikasema, "Musau, Mercyline yuko hapa. Shivachi yuko na wewe?"

Hakusema neno. Lakini sindano ilibaki palepale mwisho, spika kimya. Unajua maana yake. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Alikuwa amekishikilia, redio imewaka, mdomo umefungwa. Nilimsikia akipumua. Kisha sindano ikaanguka, ikabaki kelele ya hewa.

"Imekata?" Mercyline akaniuliza. "Ni hii mvua?"

Nikamwambia ni mvua. Akashika mikono ya watu mlangoni mmoja mmoja, akiwaambia wako hai, wako hai, kesho tutaongea nao. Leo asubuhi ameimba akifua. Mimi nimemdanganya, na nimefanya hivyo kwa ajili yenu.

Redio ya pili iko kwenye meza yako, Mutie. Ndugu mgonjwa wa upande wa Kitui. Chumba cha mbele. Kutoka kwangu hadi hapo ni safari fupi hata kwa kuku.

Nashukuru Mungu yu hai, naandika hivyo kwanza ili nisije nikasahau kwa hasira. Na nina hasira ya kuvunja cherehani. Nimemlilia mtu ambaye angeweza kuja kwa miguu kabla chai haijapoa. Usiniletee michoro. Nieleze Shivachi yuko wapi.

Kageha


Kawangware
3 Mei 2025

Shemeji Kageha,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Hii nitampa Phanuel kabla sijaisoma tena.

Ni kweli. Musau yuko hapa. Alifika mwezi wa pili, kabla ya barua yako ya kwanza, amekonda, miguu imejaa vidonda. Si mgonjwa wa kitanda, nilisema uongo hapo, lakini si mzima pia. Hakai. Anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, anarudi. Mwongeli ameficha saa ya ukutani kwa sababu inapokaribia kumi na mbili anakuwa hawezi kushikika.

Nitakueleza alivyonieleza. Vita vilipofika kwenye kambi ya mitambo, mkandarasi alikuwa ameshatoroka. Walibaki mafundi. Kulikuwa na lori moja lenye mafuta, na Musau ndiye aliyekuwa akilitengeneza. Walipopanda wote, Shivachi akashuka. Alikuwa ameacha begi lenye pasipoti na picha za watoto wake kwenye hema. Akasema, "Dakika moja tu." Risasi zikaanza upande ule wa mahema. Watu ndani ya lori wakampigia Musau kelele aondoke, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika usukani. Alingoja. Anasema alingoja. Halafu akaondoa lori.

Hakumwona Shivachi akianguka. Hakumwona akitoka. Hajui lolote zaidi ya hapo. Ameuliza kila mtu aliyetoka upande ule, hakuna anayejua. Basi hawezi kumwambia Mercyline kwamba amefiwa, na hawezi kumwambia angoje. Nyumba zenu zimetenganishwa na bati moja. Akija kwako amekuja kwake. Hilo ndilo lililomweka hapa.

Barua yako ilipokuja, aliniomba nisikujibu kabisa. Nilikataa. Nikakupa nambari sahihi kwa sababu sikuweza kuandika nambari ya uongo, mkono ulikataa. Nikakosesha mahali. Nilijiambia utagundua baada ya muda, na kwa muda huo atapata nguvu. Kuikosesha kulinichukua jioni nzima. Kuipatia kungenichukua nusu kikombe cha chai.

Siku ile aliyokujibu mimi nilikuwa kwenye kibanda changu cha ufundi. Amekuwa akisikiliza kila jioni, Kageha, kila jioni, na hakuna kilichokuwa kikiingia kwa sababu yangu. Nilipofika nyumbani redio ilikuwa moto, naye ameketi chini. Aliniambia, "Ameliita jina langu vizuri."

Sijui uamue nini. Ukitaka nije kwa Mercyline mimi, nitakuja.

Shemeji yako, kama bado unaniita hivyo,
Mutie


Kianda
5 Mei 2025

Mutie,

Nimepata.

Wewe usije kwa Mercyline. Hukuwa kwenye lori.

Jana aliniuliza kwa nini siwashi. Nikasema redio imeharibika. Akasema, "Basi tuitengeneze, si unajua?" Akaleta pesa za chama chetu cha akiba, nikazikataa, tukavutana mlangoni kama watu wanaogombania bili ya hoteli. Sitaweza kusema uongo wa tatu. Nikiulizwa leo jioni nitanyamaza, na yeye si mjinga.

Sina ujumbe wa kumpelekea Musau. Mke hapeleki ujumbe kwa mume kwa bodaboda. Msomee tu hii, aya ya juu, kuhusu pesa za chama.

Wewe bado ni shemeji yangu. Nitakugombeza nikiwa na nafasi.

Kageha


Kianda
12 Mei 2025

Shemeji Mutie,

Salamu kwako, kwa Mwongeli na kwa watoto. Sisi hatujambo. Syombua ameacha kukohoa.

Unajua Musau alikuja jana, kwa sababu wewe ndiye uliyemkodishia Phanuel. Lakini hukuona mengine, na nadhani unastahili kuyajua.

Ilikuwa baada ya kanisa, saa tisa hivi, nilikuwa napunguza moto wa maharagwe. Nikasikia pikipiki ikizimwa pale chini kwenye mtaro. Halafu nikasikia hatua. Shemeji, miaka yote hii naijua miguu ya huyo mtu, mguu wa kushoto huburuta kidogo. Nikaacha maharagwe. Nikaenda nyuma ya mlango nikashika komeo. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa na maneno ya wiki nzima, mengine ya lugha yetu ya Kimaragoli ambayo hata wewe usingeyapenda.

Hatua zikafika mlangoni kwangu. Zikasimama. Halafu zikapita.

Akabisha kwa Mercyline.

Sitakuambia kila kitu nilichosikia, ingawa nilisikia kila kitu. Mercyline alipiga kelele za furaha kwanza, na hizo ndizo mbaya zaidi, maana zilikatika katikati. Kisha Musau akasema, "Mercyline, nilimwacha." Hakusema vita, hakusema mkandarasi, hakusema watu walimpigia kelele. Alisema hivyo tu. Nikasikia stuli ikiburutwa sakafuni. Kisha Mercyline akasema, "Kaa chini. Anzia mwanzo."

Alieleza mpaka jua likaondoka kwenye ukuta. Mercyline alikuwa akiuliza kama mtu wa mahakama. Lori lilikuwa limetazama wapi? Shivachi alivaa shati gani? Lile begi lilikuwa karibu na nani? Mwisho akauliza, "Hukumuona akianguka?"

"Sikumuona."

"Unaapa kwa nani?"

"Kwa Syombua."

Akasema, "Basi mimi sijafiwa. Na wewe sijakusamehe. Nenda kwa bibi yako."

Sikujua mtu anaweza kuyasema hayo mawili pamoja na yote yakawa kweli. Leo asubuhi hajaimba. Lakini amekuja kuniuliza jinsi watu wa Msalaba Mwekundu wanavyotafuta waliopotea, na Musau ameenda naye, wakitembea mbalimbali njia nzima.

Jana Musau alipotoka kwa Mercyline alikuja kwangu akabisha. Nilikuwa palepale, komeo mkononi, sijasogea. Maharagwe yalikuwa yameshaungua. Sikufungua mara moja. Akabisha tena, akaita, "Kageha." Sikuitika. Nilitaka naye asimame upande ule, aite, asijue kama kuna mtu anayesikia. Nilimwacha hapo mpaka nikamsikia akianza kulia.

Kisha nikafungua.

Shemeji yako,
Kageha